Umerithi fimbo ya pool ya zamani? Hivi ndivyo unavyoitambua na kujua bei yake

Karibu kila mwezi napokea ujumbe wa aina moja. Picha imepigwa usiku chini ya taa ya njano, fimbo imeegemezwa kwenye kochi, na chini yake maneno: "Kaka habari, hii ni ya marehemu mzee, inaweza kwenda shilingi ngapi?" Kwa picha hiyo siwezi kujibu, wala fundi mwingine hawezi. Anayekutajia bei kwa picha ya namna hiyo, jua anataka kuinunua yeye.

Kazi yangu ni meza na fimbo hapa Arusha: kubadilisha vitambaa, kubandika tipu (kile kingozi cha nchani kinachogusa mpira), kukaza maungio yaliyolegea. Haya ninayoandika ndiyo ninayoyafanya fimbo ya zamani inapowekwa mbele yangu, kwa mpangilio uleule. Ukiyafuata nyumbani jioni moja, utakuwa na majibu kabla mnunuzi hajafungua mdomo.

Kubwa kuliko yote: usiitengeneze kwanza. Bei ya fimbo ya zamani imekaa kwenye vitu ambavyo mtu mwenye nia njema huviondoa siku ya kwanza. Vanishi ya awali, beji iliyofifia, uzi wa mshiko uliochakaa, namba iliyogongwa kwenye mti, hata boksi lenye kutu. Usipige msasa. Usipake vanishi mpya. Usiipeleke kwa seremala "aing'arishe kidogo". Mafundi wetu wa mbao ni hodari sana wa makabati, lakini fimbo iliyopita kwenye msasa wao haisomeki tena, na mkusanyaji wa fimbo za zamani hailipii.

Na ujue pia kwamba fimbo nyingi za urithi hazina bei kubwa. Hilo lisikuvunje moyo. Chache zina bei ya kushangaza, na huwezi kuzitofautisha kwa kuangalia mng'ao.

Imefikaje huku?

Swali hili linakupunguzia kazi, kwa sababu huku kwetu fimbo za zamani zilikuja kwa njia zinazojulikana. Za kwanza zilikuja na walowezi wa kahawa na katani na klabu zao za Arusha na Moshi. Hizo karibu zote ni fimbo za Uingereza, za biliadi na snuka. Wengine walizipata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa na makao Arusha, kuanzia 1967 hadi ilipovunjika 1977, kutoka kwa wataalamu wa nje waliokuwa wanaondoka. Kisha ikaja Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa hapa kuanzia 1995 hadi 31 Desemba 2015. Watumishi wake walitoka dunia nzima, na walipokuwa wanarudi kwao waliuza vyombo vya nyumbani. Fimbo ya Kimarekani ya vipande viwili kwenye nyumba ya Njiro au Sakina inaweza kabisa kuwa imetoka huko.

Kwa hiyo, kabla hujagusa fimbo, kumbuka mzee alifanya kazi wapi na miaka gani.

Vitu vya kuandaa

- Futi ya kushonea au ya fundi, yenye sentimita na inchi.
- Mizani ya gramu. Ya jikoni inatosha. Kama huna, sonara atakupimia.
- Kipimo cha venia, kile cha kubana kitu na kusoma unene wake kwa milimita. Mafundi wa mashine mtaa wa Unga Limited wanavyo, ukiomba kwa adabu watakupimia papo hapo.
- Kioo cha kukuzia maandishi. Kamera ya simu iliyosogezwa karibu inaweza kusaidia.
- Tochi na kitambaa kikavu cha pamba.
- Meza yenye kioo bapa, au nenda duka la vioo uombe kuiviringisha juu ya kioo kizima.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kukumbuka.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yako kuuza

Kama mirathi haijafungwa, fimbo ni mali ya marehemu, hata kama alikuahidi kwa mdomo. Mwambie msimamizi wa mirathi aiweke kwenye orodha ya mali, na kikao cha ukoo kikubali nani anaichukua. Wengi hupuuza kwa sababu "ni fimbo tu". Ugomvi huja siku ikisikika kwamba imeuzwa kwa dola.

Hatua ya 2: Piga picha kabla ya kufuta vumbi

Ilaze juu ya shuka jeupe, mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Piga fimbo nzima, kisha kila sehemu kwa karibu: ncha, maungio yakiwa yamefunguliwa, mishale ya mbao (nitaieleza hatua ya 5), mshiko, kitako, na maandishi yoyote. Piga boksi lake pia, nje na ndani.

Picha hizi zibaki kwenye simu yako. Usiziweke kwenye kundi lolote wala tangazo mpaka umalize hatua ya 6. Ukifika hapo utaona kwa nini.

Hatua ya 3: Pima

Andika urefu wote, uzito, na kipenyo cha ncha pale tipu ilipokaa. Fimbo ya pool ya Kimarekani mara nyingi ni inchi 57 hadi 58, yaani kama sentimita 145 hadi 147, uzito aunsi 18 hadi 21, sawa na gramu 510 hadi 595, na ncha yake inakaribia milimita 13. Fimbo ya snuka ina ncha nyembamba, milimita 9 hadi 10, na uzito wake kwa kawaida ni mdogo kidogo. Fimbo za zamani za biliadi ya Kiingereza zinaweza kuwa na ncha nene kuliko za snuka ya leo.

Kama urefu umepungua sana, shuku kwamba ilikatwa. Wachezaji wa zamani walikata fimbo ili ziwafae, na fimbo iliyokatwa hushuka bei sana hata kama ni ya jina kubwa.

Hatua ya 4: Jua ukoo wake

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu huku mtaani kila kitu kirefu cha kupigia mpira tunakiita fimbo ya pool. Ukikosea ukoo, utalinganisha bei za Marekani na fimbo ya Uingereza, na hesabu yote itakuwa uongo.

Angalia mti wa mbele kwanza. Kama una mistari ya wazi inayotengeneza mikuki myembamba iliyopangana kuelekea nchani, huo ni mti wa eshi, na fimbo ni ya Uingereza au imefuata mtindo wake. Kama mti ni mweupe, laini, mistari yake haionekani kwa urahisi, ni mepo. Fimbo za Kimarekani karibu zote ni mepo mbele. Za Kiingereza za zamani zipo za mepo pia, kwa hiyo usiishie hapo.

Angalia pete iliyo chini ya tipu. Ya shaba inayong'aa kwa njano: Uingereza. Nyeupe na ndefu kidogo: Marekani au Asia.

Angalia kitako. Fimbo ya snuka ya zamani imechongwa bapa upande mmoja mwishoni, na kwenye bapa hilo ndipo beji inapokaa. Haina kamba ya mshiko. Unashika mti wenyewe. Ya Kimarekani ni mviringo mpaka mwisho, ina kimpira chini, na mshikoni imezungushiwa uzi wa kitani, nailoni au ngozi.

Mwisho, maungio. Fimbo ya Kiingereza ya zamani mara nyingi ni kipande kimoja. Ya Kimarekani ya mchezaji ina vipande viwili na skrubu katikati. Pima unene wa skrubu kwa venia, hesabu meno yake ndani ya inchi moja, uandike. Inchi 5/16 ni kama milimita 8, inchi 3/8 ni milimita 9.5. Vipimo hivi vitakusaidia baadaye kujua kama vipande viwili ni vya fimbo moja.

Hatua ya 5: Soma mishale

Mishale ni zile ncha za mbao nyeusi au za rangi zinazopanda kutoka kwenye shina, yaani sehemu nene ya nyuma, kuelekea mbele. Kwangu mimi hapa ndipo penye siri ya fimbo, na ningekuomba ukae hapa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Kwanza jiulize kama ni mbao kweli. Fimbo nyingi za bei rahisi zina stika iliyofunikwa na vanishi, ikiwa na picha ya mishale, almasi na maua. Weka kioo cha kukuzia: picha iliyochapwa inaonyesha vidoto vidogo vya rangi, kama picha ya gazeti. Mbao halisi ina vinyweleo vyake, na vinyweleo vya mshale havifanani na vya mti wa jirani. Ukikuta vidoto, fimbo hiyo ni ya kuchezea tu. Haina bei ya mkusanyaji, haijalishi imeandikwa jina gani.

Kama ni mbao, angalia vilele vyake. Na hapa kuna mtego mkubwa. Kwenye fimbo za Uingereza, vilele vya mviringo kama ulimi ni dalili kwamba shina liliungwa kwa mkono, kipande baada ya kipande, gundi na randa. Vilele vikali kama sindano ni vya kuungwa kwa mashine. Zote mbili zinaweza kuwa za zamani, lakini ya mkono kwa kawaida inatafutwa zaidi. Kwenye fimbo za Marekani mambo yanageuka. Kilele kikali, chembamba mpaka kinapotea, ni cha mti uliochongwa mfereji na kupachikwa mbao kwa ufundi wa zamani. Kilele chenye kiduara kidogo kawaida kimekatwa na mashine ya kompyuta, yaani fimbo si ya zamani sana. Ndiyo maana hatua ya 4 haiwezi kurukwa.

Angalia pia kama mishale yote minne inafika urefu uleule. Tofauti ndogo ni ya kawaida kwenye kazi ya mkono. Mshale mmoja ukiwa umeshuka sana, fundi alikosea, au shina limechongwa upya.

Mti mweusi wa shina unaweza kuwa abunusi, au mti mwingine uliopakwa rangi. Chini ya kimpira au kwenye mkwaruzo wa zamani, rangi iliyopakwa huonyesha weupe. Abunusi ni nyeusi hadi ndani. Tumia mkwaruzo uliopo. Usikwaruze mpya.

Hatua ya 6: Chunguza kila kitu cheupe

Soma hatua hii hata kama una haraka.

Pete ya ncha, maungio, kitako na nakshi za fimbo za zamani wakati mwingine zilitengenezwa kwa meno ya tembo. Katika Tanzania, kumiliki meno ya tembo au kitu kilichotengenezwa kwayo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Ni nyara za Serikali. Kwamba kilikuja na mkoloni, au kwamba babu alikipata kwa halali, hakukupi kibali. Tembo wa Afrika aliwekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye masharti makali kuliko zote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 1989, na Tanzania yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza hivyo. Mnunuzi wa nje naye amefungwa: Marekani ilikaza masharti 2016, na sheria ya Uingereza ya 2018 ilianza kutumika 2022.

Namna ya kuangalia bila kuharibu: washa tochi kwa pembeni, tumia kioo cha kukuzia. Plastiki haina mistari ya asili, na mara nyingine utaona alama ya kalibu. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi, ndipo mishipa ya damu ilipopita. Jino la tembo, sehemu iliyokatwa kwa upana, lina mistari inayokatana kama wavu. Kwa ubavuni linaonyesha mawimbi hafifu. Kuna pia plastiki ya zamani iliyotengenezwa kuiga meno ya tembo, yenye mistari iliyonyooka na kupangana sawasawa mno. Beji nyingi nyeupe za fimbo za Uingereza ni plastiki ya aina hiyo.

Onyo: kuna watu watakuambia uchome kwa sindano ya moto. Usithubutu. Plastiki hiyo ya zamani ni seluloidi, inashika moto haraka na kwa nguvu. Na kama si plastiki, umeshaacha alama isiyofutika.

Ukibaki na shaka, simama hapo. Usipige tangazo, usiipeleke kwa mtu "aiangalie", usivuke nayo Namanga wala Holili, usiingie nayo uwanja wa ndege wa KIA. Muone wakili kwanza, kisha kwa mwongozo wake ofisi ya wanyamapori, TAWA. Na kama ndani ya boksi kuna mipira ya zamani ya biliadi, ichunguze kwa makini zaidi ya fimbo: kabla ya plastiki, mipira mizuri ilikuwa ya meno ya tembo.

Jambo dogo la kuongeza kwa wenye fimbo za Marekani: rozuwudi ya Brazili, mti mwekundu wenye michirizi myeusi, nayo iko Kiambatisho cha Kwanza tangu 1992. Kuuza ndani hakukusumbui kama meno ya tembo, lakini kuisafirisha nje bila karatasi kunaweza kukwama.

Hatua ya 7: Soma majina na miaka

Anza na beji. Majina ya Uingereza utakayokutana nayo ni kama Burroughes & Watts na Thurston wa London, Riley wa Accrington, na Peradon wa Liverpool. Ukiona mwaka kwenye beji, usiruke kwa furaha. Thurston ilianza 1799 na Burroughes & Watts 1836; mwaka huo ni wa kampuni, fimbo yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Beji za mabingwa ndizo zinazosaidia kujua umri. Kampuni ziliuza fimbo zenye jina la bingwa na rekodi yake, na fimbo haiwezi kutangulia rekodi. Ukikuta jina la Walter Lindrum wa Australia na namba 4137, hiyo ni alama alizopiga kwa mkupuo mmoja, bila kukosa, London mwaka 1932, kwa hiyo fimbo si ya kabla ya hapo. Jina la Joe Davis na namba 147 linakupeleka 1955 au baadaye, kwa sababu ndipo alipofikisha alama hizo rasmi. Elewa pia kwamba fimbo hizi ziliuzwa kwa wateja wa kawaida madukani. Bingwa mwenyewe hakuishika.

Kwa Marekani, maandishi Brunswick-Balke-Collender ni ya kabla ya 1960, kwa sababu mwaka huo kampuni ilibadilisha jina na kuwa Brunswick Corporation. Viking ilianza 1965, McDermott 1975. Fimbo yenye majina hayo mawili ya mwisho haiwezi kuwa "ya wakati wa Mwingereza", hata mzee angesema nini. Adam ni ya Japani na ni ya kuheshimika.

Na jina George Balabushka. Huyu alikuwa fundi wa New York, alitengeneza fimbo kuanzia 1959 mpaka alipofariki 1975, kwa jumla kama elfu moja na kidogo. Fimbo yake halisi inauzwa kwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo inaghushiwa kila mahali. Zaidi ya hapo, baada ya kifo chake jina lake lilitumika kwa ruhusa kwenye fimbo za kiwandani za Adam. Kwa hiyo ukikuta jina hilo, usiuze na usitangaze. Mtaalamu aliyezishika fimbo zake ndiye wa kuthibitisha, na ataanza na mishale na maungio. Sahihi ataiangalia mwisho.

Usisahau alama ndogo. Fimbo moja niliyoletewa kutoka Machame ilikuwa ndani ya boksi la bati jeusi, jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya kifuniko, na ndani kwenye kona bado kulikuwa na unga wa chaki ya kijani. Beji ilikuwa imeng'oka, kimebaki kivuli cha duara na vitundu viwili vya misumari. Lakini kitakoni iligongwa namba, ile ya kuonyesha nafasi ya fimbo kwenye rafu ya klabu, na namba hiyohiyo ilikuwa kwenye kifuniko chini ya jina. Boksi, jina na namba vikikaa pamoja vinasema zaidi ya beji. Familia ilikuwa imeshaanza kutumia bati hilo kuwekea mabomba ya maji.

Hatua ya 8: Angalia hali yake

Funga vipande, iviringishe taratibu juu ya kioo, chuchumaa uangalie mwanga unaopita chini. Mwanga ukipanda na kushuka, imepinda. Kisha iinue, angalia kutoka kitakoni kuelekea nchani kwa jicho moja huku ukiizungusha. Rudia kwa kila kipande peke yake, maana wakati mwingine vipande vimenyooka na kosa liko kwenye maungio.

Gonga kitako kwa kifundo cha kidole. Ikilia kwa mtetemo, kuna kitu kimelegea au mshale umeachia gundi. Kisha tafuta nyufa kuanzia pete ya ncha na kuzunguka skrubu, na vitundu vya dudu. Tipu mbovu haikupunguzii kitu. Kupinda kidogo kunapunguza. Ufa kwenye maungio unapunguza sana.

Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu. Hakuna thina, hakuna petroli, hakuna mafuta ya kula, na uzi wa mshiko usiuoshe.

Hatua ya 9: Andika historia yake

Nenda kwa shangazi, kwa baba mdogo, kwa rafiki wa mzee aliyecheza naye. Uliza aliipata kwa nani, mwaka gani, alikuwa anacheza wapi. Andika majina na tarehe, na atakayekubali atie saini. Tafuta picha ya zamani yenye fimbo hiyo, kadi ya klabu, risiti. Wazee hawa hawatakaa milele, na bila maneno yao fimbo ya klabu ya Moshi inakuwa fimbo tu.

Hatua ya 10: Sasa tafuta bei

Usitumie bei wanazoomba watu. Tafuta bei ambazo fimbo kama yako zimeshauzwa. Kwenye mnada wa mtandaoni wa eBay unaweza kuchuja uone zilizokwisha kuuzwa tu. Tafuta zinazolingana kwa mtengenezaji, beji, aina ya mishale, urefu na hali. Ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, angalia zilizobaki zinakaa wapi.

Kwa kukupa picha: fimbo za Uingereza zenye beji za mabingwa, zilizoungwa kwa mashine, kwa kawaida zinatembea kati ya makumi ya pauni na mia kadhaa. Za kuungwa kwa mkono za majina makubwa zinaweza kupanda juu ya hapo. Viking au McDermott ya zamani iliyo safi ni dola mia moja hadi mia kadhaa. Yenye stika, mpe kijana anayejifunza.

Kisha toa gharama: usafirishaji wa kitu cha mita moja na nusu kama ni kipande kimoja, bima, ada ya mnada, ushuru. Kinachobaki ndicho bei yako, na mara nyingi fimbo ya bei ya kati inalipa zaidi ikiuzwa hapahapa kwa mchezaji anayeielewa kuliko kuipeleka ng'ambo.

Wakati unasubiri, ilaze bapa ndani ya boksi, kabatini. Usiiegemeze ukutani. Usiiache kwenye buti la gari, hasa Moshi kwenye jua la Januari, wala juu ya dari chini ya bati.

Ukikwama

*Haina jina popote.* Fimbo nyingi nzuri hazina. Rudi hatua ya 4 na 5; mti na mishale vinatosha kukupa ukoo na daraja. Fungua kimpira cha kitakoni kama kinatoka kwa mkono, wakati mwingine kuna alama ndani. Kikikataa, kiache.

*Vipande havifungani.* Linganisha skrubu na vipimo ulivyoandika. Usilazimishe, utapasua mti. Huenda mzee alikuwa na fimbo mbili na nusu nyingine iko kwa ndugu.

*Skrubu imeganda.* Usitumie koleo wala moto. Iache kwenye chumba kikavu siku kadhaa, kisha watu wawili wenye glavu za mpira wazungushe taratibu. Ikigoma, mpelekee fundi wa fimbo.

*Imeshapigwa msasa na vanishi.* Usiiondoe vanishi hiyo. Mwambie mnunuzi ukweli na utafute bei za fimbo zilizofanyiwa hivyo.

*Imepinda.* Usitundike mawe, usiweke kwenye mvuke. Fimbo ya snuka yenye beji nzuri inauzika ikiwa imepinda kidogo. Iliyopasuka kwa kunyooshwa haiuziki.

*Mtu yuko mlangoni na pesa taslimu.* Mkaribishe chai, chukua namba yake ya simu, mwambie familia bado inakaa kikao. Kama bei yake ni ya haki leo, wiki ijayo itakuwa ya haki pia. Akianza kukuharakisha, mwombe akuonyeshe fimbo nyingine kama hiyo iliyouzwa kwa bei anayokutajia.